Avumaye Baharini Papa: Mpiga Besi na Uhakiki wa Muziki wa Dansi

Katika Kiswahili kitenzi "kuvuma" kina maana mbili zilizo karibu sana. Upepo huvuma, nyuki huvuma, na ngoma huvuma. Na mtu naye huvuma, yaani jina lake huenea na sifa zake husikika mbali. Wahenga walipoitafutia jina ngoma yenye sauti nene waliiita vumi, wakaitenga na chapuo, ambayo ni ngoma ndogo yenye mapigo ya haraka. Basi katika muziki wa dansi wa Tanzania maana hizo mbili zimeachana njia. Chombo kivumacho kuliko vyote ukumbini ni gitaa la besi. Walakini katika watu wote walio jukwaani, asiyevuma ni mpigaji wake.

Methali yasema: avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Uhakiki wa nyimbo za dansi umemtazama papa peke yake, yaani mwimbaji, mtunzi wa maneno na mpiga gitaa la solo, ukawaacha wengi waliopo. Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa ni upungufu wa adabu tu, kana kwamba yatosha kumshukuru mpiga besi mwishoni mwa maelezo, kama wapishi washukuriwavyo baada ya karamu. La. Ni upungufu wa elimu. Mhakiki asiyeisikia besi hauelewi wimbo wenyewe ulivyojengwa, na kwa sababu hiyo hukosea hata katika maneno anayodai kuyajua. Tena upungufu huo una gharama, na gharama hiyo hulipwa na mtu.

Uhakiki huu, kama ulivyozoeleka, ni uhakiki wa maneno. Mhakiki huuchukua wimbo, huyaandika maneno yake karatasini mstari kwa mstari, kisha huutendea kama shairi. Hutafuta ujumbe, hutaja mafumbo na tashbihi, hueleza mapenzi, ndoa, fitina za majirani na shida za mjini, akafunga kazi yake. Sauti za vyombo hutajwa kwa neno moja au mawili, ati ni tamu au zinachangamsha. Msomaji wa uhakiki wa namna hiyo asiyewahi kuingia ukumbini angeweza kudhani kwamba bendi ni mshairi mmoja aliyezungukwa na kelele.

Haki ni kuzitaja sababu zake. Ya kwanza ni kwamba wengi walioandika juu ya nyimbo hizi ni watu wa lugha, na mtu wa lugha hukamata kile ambacho kalamu yake yaweza kukikamata. Maneno huandikika kwa urahisi. Mvumo wa uzi hauandikiki ila kwa alama ambazo wachache wamefunzwa. Ya pili ni kwamba wasikilizaji wenyewe huyapenda maneno. Katika kumbi za Dar es Salaam si jambo geni kuona meza nzima imekaa kimya wakati wa sehemu ya kwanza ya wimbo, watu wakifuatilia kisa kama wanaosikiliza kesi barazani, wasiinuke kucheza mpaka kisa kiishe. Mhakiki aliyeshika maneno hakuzua jambo lisilokuwepo. Alishika kile ambacho hadhira nayo hukithamini.

Sababu ya tatu haikutajwa sana, nayo huenda ikawa kubwa kuliko hizo mbili. Kwa miaka mingi watu wengi, pamoja na wahakiki, waliusikia muziki wa dansi kwa redio. Bendi zilirekodi nyimbo zao katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo hizo zikaenda hadi vijijini kwa redio ndogo za betri. Sasa yafaa kukumbuka jambo la hesabu. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde moja. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutikisika mara 82, maradufu yake. Spika ya redio ndogo, yenye upana wa kiganja, haiwezi kuitoa kwa nguvu sauti nene kiasi hicho. Hutoa sehemu zake za juu tu, na sikio hukisia zilizobaki. Mwimbaji hupita salama katika tundu hilo, solo hupita, tarumbeta hupita kwa vishindo. Besi hubaki mlangoni. Aliyeujua muziki huu kwa redio peke yake hakumdharau mpiga besi. Hakika hakupata kumsikia.

Ukumbini mambo ni mengine. Huko sauti ya besi haiingii masikioni tu. Hupanda kwa miguu kutoka sakafuni, hutikisa bilauri mezani, hukaa kifuani. Anayecheza huifuata besi hata kama hajui kwamba anaifuata. Kwa hiyo kuna nyimbo mbili zenye jina moja: ule wa redioni, ulio wa maneno na solo, na ule wa ukumbini, ulio wa mwili mzima. Uhakiki ulizaliwa upande wa redio, ukabaki huko hata baada ya vyombo vya kusikilizia kubadilika.

Inafaa kutazama asili ya kazi hii kabla ya kutazama mtu wake. Bendi za dansi ni za zamani katika nchi hii. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, wakati gitaa la besi la umeme lilikuwa halijatengenezwa na kuuzwa popote kwa wingi. Gitaa hilo liliingia sokoni Marekani mwaka 1951 kwa kazi ya Leo Fender, nalo likafika Afrika ya Mashariki pamoja na magitaa mengine ya umeme. Lakini haja ya sauti nene haikuja na meli. Huko Unguja wapigaji wa kidumbaki walijitengenezea sanduku, yaani kasha la mbao lililofungwa kijiti na uzi mmoja, ambalo mpigaji hulivuta uzi wake na kutoa sauti ya chini chini inayoshikilia fidla na vidumbaki. Mpiga sanduku ni ndugu mkubwa wa mpiga besi, ingawa hawakuitwa hivyo katika kitabu chochote cha shule.

Nasaba ya ngoma nayo iko wazi katika majina. Bendi mbili zilizoshindana kwa muda mrefu kuliko zote Dar es Salaam zilijulikana kwa majina ya ngoma. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, iliuita mtindo wake Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, chini ya chama cha wafanyakazi, ikaitwa Juwata, kisha OTTU, hatimaye ilichukua jina la Msondo Ngoma. Na msondo ni ngoma ndefu ijulikanayo sana katika unyago. Ni kweli kwamba majina hayo yaliihusu bendi nzima, wala hayakukusudiwa kwa chombo kimoja. Hata hivyo mtu akiuliza ni chombo gani katika bendi ya magitaa kilichorithi kazi ya ngoma kubwa, kazi ya kusema kidogo kwa sauti nene na kuwaongoza wachezaji, jibu halina shaka.

Sasa mtu mwenyewe. Neno la kwanza la kuelewa katika maisha ya mpiga besi ni "vyombo". Katika lugha ya bendi vyombo ni magitaa, ngoma, spika na mitambo yote, na "mwenye vyombo" ndiye mwenye bendi. Mwanamuziki ana kipaji, lakini vyombo ni vya mwingine: vya shirika, vya jeshi, vya jumuiya, au vya tajiri. Hali hii humgusa kila mwanamuziki, lakini humbana mpiga besi zaidi. Mwimbaji huenda na koo lake popote. Mpiga tarumbeta au saksafoni hupuliza bila umeme na kusikika mtaa wa pili. Gitaa la besi lisilo na umeme halisikiki hata chumba cha pili. Bila spika kubwa mpigaji wake ni bubu. Mwenye bahati ya kuwa na gitaa lake nyumbani hujifunza kwa kuegemeza kichwa cha gitaa kwenye kabati au mlango, mbao ichukue mtikisiko wa uzi na kumrudishia sauti kidogo. Hivyo ndivyo kazi itikisayo ukumbi mzima hutayarishwa: kwa kunong'onezana na kabati.

Nyuzi za besi ni nene, hazikatiki mara kwa mara kama za solo, lakini hufa sauti. Jasho na mafuta ya vidole huingia katika mizingo ya waya, na uzi uliokuwa uking'aa kwa sauti huanza kutoa kishindo kikavu. Nyuzi mpya zina bei. Wapigaji wengi hujua dawa ya kuzitoa na kuzichemsha katika maji, zikaushwe na kurudishwa, nazo hupata uhai wa siku chache. Vidole hupata malengelenge kwanza, kisha sugu. Na mpigaji akikaa wiki kadhaa bila kazi sugu hulainika, maumivu yakaanza upya. Mambo haya si ya kuchekesha wala ya kuliza. Ni sehemu ya mtindo. Uzi mpya na uzi uliochoka havitoi besi ya namna moja, na mhakiki anayesikia tofauti ya sauti kati ya wimbo na wimbo yafaa ajue kwamba huenda asili yake ni mfuko wa mpigaji, wala si uamuzi wa usanii.

Asubuhi ya mazoezi ndiyo saa ya kazi yake kubwa, nayo haina mashahidi. Mtunzi huja na maneno na sauti ya wimbo. Aghalabu huuimba mbele ya wenzake bila chombo, mara mbili au tatu. Kisha wapigaji huanza kutafuta. Mpiga ridhimu hutafuta mwendo, mpiga solo hutafuta maneno ya uzi wake, wapulizaji hupangiwa vipande vyao. Mpiga besi aghalabu hapewi kitu. Hakuna anayemwandikia njia yake. Huambiwa tu wimbo unaanzia sauti gani, naye huijenga mwenyewe: aanze pamoja na ngoma au angoje, atembee au akae, ajibu mstari au aunyamazie. Kufika adhuhuri wimbo una nguzo. Lakini siku ya kurekodi mtunzi ni mmoja, na jina liandikwalo ni lake. Nguzo haikutungwa na mtu; ilikuwepo tu.

Usiku naye husimama nyuma, karibu na ngoma, kwa kuwa ni lazima auone mguu wa mpiga drams. Mahali hapo pana maana yake katika mapato. Katika kumbi za dansi mshabiki akifurahi hupanda jukwaani kutuza. Fedha hubandikwa kipajini mwa mwimbaji au kutiwa mfukoni mwa mpiga solo aliyeinama mbele ya watu. Mara chache mkono wenye noti huvuka safu ya mbele kumtafuta yule wa nyuma. Zamani, wakati bendi nyingi zilipokuwa za mashirika na vyama, jambo hili lilipunguzwa makali na mshahara wa mwezi. NUTA Jazz iliwaajiri wanamuziki wake, na nyingine zikafuata, kama vile Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo na Bima Lee ya Shirika la Bima. Mpiga besi alikuwa mfanyakazi miongoni mwa wafanyakazi. Mashirika yalipodhoofika na bendi zikabaki kutegemea kiingilio cha mlangoni, aliye mbele alibaki na njia mbili za kupata, na aliye nyuma akabaki na moja, nayo hukauka mvua ikinyesha.

Mtu aweza kuuliza: haya yote yana uhusiano gani na uhakiki? Jibu limo katika kazi ambayo besi huifanya ndani ya wimbo, na kwa msomaji wa lugha mfano ulio karibu ni upatanisho wa kisarufi. Msemaji akisema "kiti kikubwa kimevunjika" hakuna msikilizaji anayeisikiliza "ki" inayorudi mara tatu. Masikio yote yamekwenda kwenye kiti na kuvunjika kwake. Lakini msemaji akisema "kiti mkubwa imevunjika", hata mtoto hugeuka. Kiambishi kile hakina habari ya kusimulia. Kazi yake ni kuyafunga maneno yawe sentensi. Besi ni hivyo hivyo. Hufunga mapigo ya ngoma na sauti za magitaa, ikawa wimbo mmoja. Na kama upatanisho, husikiwa na wote siku ile inapokosea. Mwanafunzi anayedai kuijua sarufi ya Kiswahili akiwa ameviacha viambishi kwa kuwa havina habari, mwalimu wake angemrudisha nyuma. Mhakiki wa dansi ameachiwa.

Mfano huu una mpaka wake, na yafaa usemwe. Kiambishi hakina hiari; "ki" haiwezi kuamua kunyamaza. Mpiga besi ana hiari, na hapo ndipo usanii wake huanza. Neno la Kiswahili hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mstari wa wimbo aghalabu huishia katika silabi isiyo na mkazo: sauti hushuka, na baada yake panabaki nafasi ndogo kabla ya mstari wa pili. Nafasi hiyo ndiyo shamba la mpiga besi. Aliye hodari huitambua kuwa ni pumzi ya lugha. Wakati mwingine huijaza kwa sauti mbili tatu zinazopanda, mstari ufuatao upate pa kukanyaga; wakati mwingine huiacha tupu, neno la mwisho likae na msikilizaji. Asiye hodari huijaza daima, au haijui kabisa. Mhakiki anayesema kwamba mstari fulani unachoma moyo, asitazame kilichopigwa baada ya mstari huo, husifu jeraha bila kuuona mkono.

Vivyo hivyo katika umbo la wimbo. Nyimbo nyingi za dansi zina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kisa, yenye mwendo wa taratibu. Ya pili ni chemko, ambapo mwendo hukazwa, waimbaji wakaitikiana maneno machache na magitaa yakapewa uwanja. Katika karatasi chemko huonekana kuwa ni upungufu: maneno yamekwisha, mstari mmoja unarudiwa. Uhakiki wa maneno hapo hukosa la kusema, au husema kwamba wimbo umemalizika. Kumbe ndipo besi ilipobadili kazi. Iliyokuwa ikitembea chini ya kisa na kuitikia mistari sasa hushika kipande kifupi na kukizungusha bila kuchoka, na mzunguko huo ndio unaoinua watu vitini. Kisa kilichosikilizwa kwa kukaa sasa huchezwa kwa kusimama. Ujumbe haukwisha, umeshushwa kutoka masikioni hadi miguuni, na aliyeushusha ni yule wa nyuma.

Mfano mmoja watosha kuonyesha kwamba besi ikipewa nafasi husikika hata na asiyeitafuta. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wa Simba Wanyika, bendi iliyoundwa na ndugu wawili wa kutoka Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walijitenga wakaanzisha Les Wanyika. Miongoni mwao walikuwamo Omar Shabani katika ridhimu na Tom Malanga katika besi. Bendi hiyo mpya haikujaza jukwaa. Ilitegemea magitaa matatu, ngoma na sauti za waimbaji. Katika "Sina Makosa", wimbo ulioipatia jina Afrika ya Mashariki nzima, uhaba huo uligeuka mali. Besi ya Malanga haikufichwa na tarumbeta wala na kinanda. Haisemi mengi: husema, hunyamaza, husema tena, na kimya chake ni sehemu ya sauti yake. Watu wengi wawezao kuuimba wimbo huo waweza pia kuiiga besi yake kwa mdomo. Ni wangapi kati yao wanaolijua jina la mpigaji? Hapo methali ya papa imetimia: sauti imevuma, mwenyewe hakuvuma.

Historia ya kuhamahama kwa wanamuziki nayo imeandikwa kwa jicho hilo moja. Mwaka 1985 Mlimani Park iliondokewa na waimbaji mashuhuri, Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka, waliokwenda kuunda International Orchestra Safari Sound, na tukio hilo limesimuliwa mara nyingi, kama ilivyostahili. Kuondoka kwa mwimbaji hutangazwa na kila mshabiki. Kuondoka kwa mpiga besi husikika polepole: wachezaji huanza kusema kwamba bendi "imepoa", wasijue sababu, mhakiki naye huandika kwamba tungo zimedhoofika, akayatafuta makosa katika maneno yasiyo na hatia.

Hata hivyo si kweli kwamba mpiga besi hajapata kuhakikiwa. Amehakikiwa na watu wa ukumbini, kwa njia yao. Katika dansi lakabu ni hukumu. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki mwaka 1979, aliitwa "Soloist National", na jina hilo lasema mawili kwa pamoja: kwamba alikuwa mpiga solo, na kwamba solo yake ilikuwa mali ya taifa. Omar Shabani aliitwa Profesa. Na Suleiman Mwanyiro, aliyepiga besi katika Msondo, aliitwa "Computer". Lakabu hii yafaa kupimwa kwa makini. Haikumsifu kwa utamu wala kwa machozi. Ilimsifu kwa hesabu isiyokosea. Waliompa walikuwa wamesikiliza vizuri kuliko wasomi. Katika neno moja walitaja sifa ya kwanza ya besi njema, nao hawakuhitaji shahada.

Kutoka hapo yafaa kuonya juu ya kosa la upande wa pili. Mtu aliyegundua kwamba mpiga besi amesahauliwa huweza kuanza kumlilia, akamfanya shujaa asiye na kasoro. Kumhurumia si kumhakiki. Wapo wapiga besi wanaoharakisha mwendo chemko ikianza, kwa kuwa mikono yao ina hamu kuliko masikio. Wapo wanaomfuata mpiga solo kama kivuli, wakaacha wimbo bila sakafu. Wapo wanaotumia kipande kimoja katika nyimbo kumi. Heshima ya kweli ni kuyasema haya pia, kwa majina na kwa mifano, kama yasemwavyo makosa ya mshairi. Mtu ambaye kazi yake haiwezi kulaumiwa kwa haki, haiwezi kusifiwa kwa haki.

Gharama iliyotajwa mwanzoni sasa iko wazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi wa kazi, na inatambua pia haki za wale wanaoitenda kazi hiyo. Mlango, basi, upo. Lakini haki hudaiwa kwa ushahidi, na ushahidi wa muziki ni maandishi. Wimbo ulioandikwa jina la bendi na la mtunzi peke yake ni wimbo ambao wapigaji wake hawakuwahi kuwepo. Mzee aliyejenga nguzo ya wimbo unaopigwa redioni hadi leo, au watoto wake baada yake, watasema nini mbele ya mwenye kuuliza? Watasema: "Huyo anayevuma hapo ni baba." Na mwenye kuuliza atasema: "Imeandikwa wapi?" Uhakiki ulikuwa mahali pamoja pa kuandikwa, nao haukuandika.

Wakati nao haungoji. Katika nyimbo za Bongo Fleva, zilizokua tangu miaka ya 1990, besi nyingi hutengenezwa studioni kwa kompyuta. Na katika bendi ndogo za hotelini mkono wa kushoto wa mpiga kinanda waweza kumwondolea mpiga besi ajira yake. Wakati huo huo majumbani limeingia sabufa, na vijana ambao babu zao waliusikia muziki kwa spika ya upana wa kiganja sasa hutikisa madirisha ya majirani. Ni kinyume cha ajabu. Zamani mtu alikuwepo na sauti yake haikufika. Leo sauti imefika, na mtu anaondoka. Nyimbo za zamani zikipigwa kwa sabufa hufunua kilichokuwa kimefichwa miaka yote: kumbe chini ya kila kisa palikuwa na mtu akitembea.

Kazi iliyobaki si ngumu kueleza. Anayekusanya nyimbo za dansi asiridhike na maneno. Aandike nani alipiga nini, kwa majina kamili, angali anaweza kuwauliza wenyewe. Anayezihakiki azisikilize kwa chombo kinachotoa sauti nene, tena aende ukumbini asimame karibu na drams angalau usiku mmoja. Anayekusanya istilahi asiyaache maneno ya wapigaji wenyewe, kama chemko, ridhimu, vyombo na kutuza, maana ndani yake mna nadharia nzima ya sanaa iliyotungwa kwa Kiswahili na watu wa Kiswahili. Na kamusi ijayo itakapofika kwenye neno "besi", isitosheke kusema kwamba ni sauti nene. Iongeze kwamba kuna mtu anayeipiga.